Samaki watatu wanatosha: kuchagua samaki wanaopatana kwenye tangi dogo la maji chumvi

Mmeshanizoea nikiongelea sato, kambale na mabanda ya kuku, lakini kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa napata swali moja kutoka kwa vijana wa Dar, Tanga na Zanzibar. Wanasema, "Bwana samaki, kuna mteja anataka tangi dogo la samaki wa baharini mapokezi, pamoja na matumbawe. Niweke samaki gani?" Mteja ni hoteli ndogo, mgahawa, kliniki ya meno, wakati mwingine ofisi ya wakili. Anataka rangi, na analipa kwa mwezi ili wewe ulihudumie.

Kazi hii ni nzuri kwa kijana ambaye tayari anajua kupima maji na kushika samaki. Shida ni kwamba wengi wanaichagulia samaki kama mtu anayechagua vitenge: huyu wa bluu, huyu wa njano, huyu ana madoa, funga wote. Baada ya wiki mbili tangi lina samaki mmoja mnene na mifupa. Leo nataka tukae kwenye jambo hilo moja tu, yaani nani anaweza kuishi na nani. Ufundi wa taa na pampu tutauongelea siku nyingine.

Tangi lenyewe lina maji kiasi gani

Tuchukue tangi ambalo wateja wengi wanaliomba: urefu sentimita 60, upana 40, kimo 40. Ukizidisha unapata lita 96. Lakini huwezi kulijaza mpaka juu, kwa hiyo tuseme maji yanafika sentimita 36, hapo una lita 86. Weka mchanga na mawe ya matumbawe, maji yanabaki kama lita 75. Hizo 75 ndizo za kupigia hesabu, siyo 96 alizokuandikia muuzaji wa kioo.

Sasa linganisha na bwawa. Wengi mnapandikiza vifaranga vya sato 3 mpaka 5 kwa mita moja ya mraba, na bwawa lenye kina cha mita moja lina lita 1,000 chini ya kila mita hiyo. Humo kuna mwani, kuna udongo, na samaki akipigwa anakimbia mita kumi mbali. Kwenye lita 75 akipigwa atakimbilia wapi? Atazunguka jiwe, atakutana na yule yule aliyempiga.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mfugaji wa sato huwa hayatarajii. Kwanza, maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu, karibu moja ya tano chini ya maji baridi yenye joto lile lile. Pili, pH ya bahari iko juu kidogo ya 8, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali yake ya sumu. Kiasi cha amonia ambacho sato wako wangekivumilia kwenye maji ya pH 7 kinaweza kuua samaki wa miamba. Ongeza na umeme wetu. Ukikatika saa nne usiku na mgahawa umefungwa, hakuna pampu, hakuna mtu. Samaki watatu wadogo wana nafasi ya kufika asubuhi. Samaki nane hawana.

Ndiyo maana kwa tangi hili mimi nasema samaki watatu, wakizidi sana wanne. Kwenye lita 40 au 50, wawili. Mteja atalalamika kwamba ni wachache. Mwonyeshe matumbawe, mwonyeshe konokono na kamba, mwambie samaki mmoja anayekaa mbele ya kioo bila woga anaonekana kuliko sita waliojificha nyuma ya mawe. Wengi wanaelewa wakiona kwa macho.

Nyumba ya vyumba vitatu

Mimi huwafundisha vijana wangu kulichukulia tangi kama nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu. Kuna chumba cha chini mchangani. Kuna chumba cha kati, kwenye matundu ya mawe na matawi ya matumbawe. Na kuna uwazi wa juu ambako samaki anaelea na kuogelea. Kila chumba mpangaji mmoja, au mke na mume. Ukiweka wapangaji wawili wasiojuana chumba kimoja, mmoja atamtoa mwenzake, na kwenye tangi kutolewa maana yake ni kufa.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, muuzaji akujibu anakaa wapi, anafika urefu gani akikomaa, ana tabia gani akishazoea, na anakula nini. La mwisho ndilo vijana wanalisahau kabisa, na ndilo linaloua kimyakimya.

Kuhusu urefu nina msimamo mkali: samaki anayezidi sentimita 10 akikomaa hana kazi kwenye tangi la sentimita 60. Msiniambie "akikua nitamtoa". Utampeleka wapi, na nani atakulipa usumbufu?

Nemo, ambaye kila mteja anamtaka

Tangu filamu ya Finding Nemo itoke mwaka 2003, mteja haanzi mazungumzo bila jina hilo. Ni sawa, maana ni chaguo zuri, lakini lazima ujue unanunua yupi.

Yule wa kwenye filamu, wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe, jina lake la kitaalamu ni Amphiprion ocellaris. Huyo si wa bahari yetu. Anatoka upande wa Indonesia, Ufilipino na kaskazini mwa Australia. Habari njema ni kwamba anazalishwa sana kwenye matangi duniani, na aliyezaliwa tangini ana faida kubwa kwetu: ameshazoea chakula cha kopo, hana woga, na kwa kawaida hazidi sentimita 8 au 9.

Wa kwetu wako aina mbili ambazo mtawaona zaidi. Kuna Amphiprion akallopisos, wa rangi ya chungwa iliyopauka, mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni kuanzia mdomoni mpaka mkiani. Ni mpole kwa kiasi chake. Anafika kama sentimita 10 hivi, kwa hiyo yuko mpakani mwa kanuni yangu, lakini namkubali. Wa pili ni Amphiprion allardi, mweusi kahawia mwenye mikanda miwili myeupe na mapezi ya njano. Anapendeza sana, lakini anakua mpaka karibu sentimita 14 na akishajiona mwenye nyumba anauma mpaka mkono wako unaposafisha kioo. Huyo mwache kwa matangi makubwa.

Usichanganye aina mbili za Nemo kwenye tangi dogo. Na kama unataka jozi, elewa jinsi wanavyoishi. Wote huanza wakiwa madume au wasioeleweka jinsia, na yule mkubwa kuliko wote ndiye anayegeuka kuwa jike. Akifa, dume aliyemfuata kwa ukubwa anachukua nafasi yake na kuwa jike. Kwa hiyo ukinunua wawili wakubwa waliolingana, unaweza kuwa umenunua majike wawili, na majike wawili hawapatani kamwe. Nunua wadogo wawili, mmoja awe mkubwa kwa macho kabisa. Wataminyana siku chache, mdogo atatetemeka mwili na kulala ubavu mbele ya mkubwa. Hiyo siyo kuumwa, ni kusalimu amri. Ukiona hivyo tulia, ndoa imefungwa.

Mteja atataka na ua la bahari, lile lenye vidole ambalo Nemo hujifichamo. Kataa. Ua la bahari si mmea, ni mnyama, na linatembea. Usiku linaweza kuingia kwenye pampu likasagika, na kwenye lita 75 sumu yake itamaliza tangi zima. Nemo haishi kwa kulitegemea akiwa tangini. Atachagua kona au tumbawe laini na kuliita nyumbani.

Wapangaji wa vyumba vingine

Kwa mchangani ninampenda gobi anayeishi na kamba. Baharini kwetu wako gobi wa jenasi Amblyeleotris, kwa mfano Amblyeleotris steinitzi, mweupe mwenye mikanda ya kahawia. Anaishi shimo moja na kamba mdogo anayepiga kucha yake ikatoa mlio kama wa kidole kinachoaliwa. Kamba haoni vizuri, basi anachimba na kusafisha shimo huku papasi yake moja imegusa mwili wa gobi. Gobi anakaa mlangoni kama mlinzi. Akitikisa mkia, wote wawili wanaingia ndani. Nimeona wateja wa mgahawa wakiacha chai ipoe kwa kuwaangalia hao wawili. Kwa hela ya samaki mmoja na kamba mmoja unapata sinema ya kila siku.

Ila kamba huyo anachimba kweli. Mawe yako yakae juu ya kioo cha chini ndipo mchanga uwekwe kuyazunguka, kama sentimita 5. Ukiweka mawe juu ya mchanga, atachimba chini yake, jiwe litaanguka, na hapo utapoteza gobi, kamba, au kioo chenyewe.

Chumba cha kati mpe gobi wa matumbawe, Gobiodon citrinus. Ni wa njano, ana mistari ya bluu usoni, na hafiki hata sentimita 7. Anapatikana Afrika Mashariki. Hukaa kwenye tawi la tumbawe kama ndege kwenye waya na haogelei ovyo. Ngozi yake ina ute wenye sumu, kwa hiyo wakubwa hawamli. Udhaifu wake ni kwamba anakula polepole. Ukiwa na wenzake wenye haraka, mlishe kwa bomba dogo la sindano, pale alipokaa. Wakati mwingine hudonoa matumbawe ya matawi, hivyo kwa tangi la mteja mimi huambatanisha naye matumbawe laini, ambayo pia ni nafuu kutunza.

Uwazi wa juu una chaguo zuri sana: Nemateleotris magnifica. Mbele mweupe, nyuma mwekundu kama moto, na pezi moja refu la mgongoni analolipandisha na kulishusha kama bendera. Huyu naye anapatikana kuanzia Afrika Mashariki mpaka Pasifiki. Anafika sentimita 8 hivi, anaelea tu katikati ya maji akidaka chakula kinachopita, hamsumbui mtu. Weka mmoja. Wawili ambao si jozi hupigana, na anayeshindwa huruka. Hata akiwa peke yake anaruka akishtuka, kwa hiyo tangi lifunikwe kwa wavu mwembamba, siyo kioo kizima kinachozuia hewa na kushika joto. Bila wavu usimweke. Utamkuta asubuhi sakafuni amekauka kama dagaa.

Kwa mpangilio huu tangi la lita 75 lina mchanganyiko wa aina mbili ninaoupendekeza. Ama jozi ya Nemo wadogo pamoja na gobi mmoja wa chini na kamba wake. Ama, ukitaka tangi tulivu zaidi, huyo mwekundu wa juu, gobi wa njano wa kati, na gobi wa mchangani. Ukijumlisha jozi ya Nemo na huyo mwekundu, unaweza, lakini Nemo jike akikomaa atamsukuma pembeni, na mwekundu akinyanyaswa hujificha mpaka akonde. Mimi sifanyi hivyo kwenye tangi la mteja.

Warembo wa kuwakwepa

Hapa ndipo hela nyingi inapopotea, kwa sababu wengi wa samaki hawa ni wa kwetu, ni rahisi kupatikana, na wakiwa wadogo wanapendeza kupita kiasi.

Wa kwanza ni damseli mweusi mwenye madoa matatu meupe, Dascyllus trimaculatus, na ndugu yake mweupe mwenye mistari myeusi, Dascyllus aruanus. Wanavumilia maji mabaya, hawafi kirahisi, bei yao ni ndogo. Kwa mfugaji wa sato hizo ni sifa. Lakini mwenye madoa anaanza na ukubwa wa kifungo cha shati na kufika sentimita 14, madoa yanafifia, na roho inabaki ile ile ya ubabe. Kijana mmoja ninayemfahamu alifunga tangi la lita 60 kwenye mgahawa akaweka saba kwa mpigo: hao wenye madoa watatu, wenye mistari wawili, yule wa bluu wa kwenye filamu, na yule mwembamba anayesafisha wenzake. Wiki ya kwanza mwenye mgahawa alipiga picha na kuzituma kila mahali. Wiki ya tatu alibaki na wenye madoa wawili, na hao wawili walikuwa wanawindana. Mkataba wa mwaka mzima ulikufa kwa samaki wa bei rahisi. Maji yake nilipoyapima hayakuwa mabaya hata kidogo. Tatizo lilikuwa orodha ya wapangaji.

Huyo wa bluu, Paracanthurus hepatus, anayejulikana kama Dory, anafika sentimita 30. Hiyo ni nusu ya urefu wa tangi letu. Sina la kuongeza.

Yule msafishaji, Labroides dimidiatus, mwembamba mwenye mstari mweusi na bluu, ni kisa cha kusikitisha. Kazi yake baharini ni kula vimelea na ute kwenye miili ya samaki wakubwa, wengi kwa siku. Kwenye tangi lenye samaki watatu hana wateja. Hufa kwa njaa huku chakula kikielea mbele yake. Ukitaka huduma ya usafi, nunua kamba msafishaji mwenye mgongo mwekundu na mstari mweupe. Huyo anakula chochote.

Kitatange, wale bapa wenye rangi za njano na mistari, wengi wao chakula chao ni vinywa vya matumbawe yenyewe. Ukimweka pamoja na matumbawe, anakula mali ya mteja. Ukimweka bila matumbawe, anakufa. Bleni mkubwa anayekwangua mwani, Salarias fasciatus, yuko hivyo hivyo kwa upande wa pili: tangi jipya halina mwani wa kumtosha, na anafika sentimita 14.

Kuna kisanduku cha njano chenye madoa meusi, kidogo kama dadu, Ostracion cubicus. Watoto wanakipenda. Kinakua mpaka sentimita 45, na kikishtuka au kikifa kinaweza kutoa sumu kwenye maji inayoua kila kilichomo, na chenyewe. Tena wapo kambale wa baharini wachanga wenye mistari, Plotosus lineatus, wanaotembea kama mpira mmoja mweusi. Vijana wa kambale huvutiwa nao kwa undugu. Miiba yao ina sumu kali, na wakifika sentimita 30 mpira umeisha, wamebaki walaji.

Na yule mwenye rangi za kijani na chungwa kama kanga, Synchiropus splendidus wa Pasifiki, ambaye wauzaji wa mtandaoni wanamsifia kuwa "mdogo na mpole". Ni kweli mdogo, ni kweli mpole, anapatana na kila mtu. Lakini anakula kopepodi hai siku nzima, wadudu wadogo mno wa kwenye mawe, na lita 75 za mawe mapya zinaisha chakula ndani ya wiki chache. Samaki anaweza kupatana na wenzake wote na bado asipatane na tangi.

Nani aingie kwanza

Hata orodha nzuri inaharibika kwa mpangilio mbaya wa kuingia. Anayetangulia ndiye anayejiona mwenye nyumba. Kwa hiyo mnyonge aingie kwanza, mbabe mwisho. Gobi na kamba wake wanaanza, wanachimba shimo lao, wanajua mlango uko wapi. Baada ya wiki mbili au tatu anafuata wa kati au wa juu. Nemo siku zote wa mwisho.

Kabla ya huyo wa kwanza, tangi likae na maji, mawe na bakteria wake wiki nne mpaka sita, mpaka amonia na naitraiti zisome sifuri. Mteja mwenye haraka mwekee konokono na taa nzuri aangalie matumbawe. Kila samaki apite karantini wiki mbili mpaka nne kwenye tangi la pembeni nyumbani kwako, la plastiki tu linatosha, lenye bomba moja la kujifichia. Vipele vyeupe vya Cryptocaryon vikiingia kwenye tangi la matumbawe huna dawa rahisi, kwa sababu dawa ya shaba inayoua vimelea inaua pia kamba na matumbawe. Karantini inakupa faida nyingine: unamwona samaki akila. Na dukani kabla hujalipa, mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Samaki asiyekula kwa muuzaji hatakula kwako.

Siku ya kumhamisha, eleza mfuko juu ya maji ili joto lilingane, kisha dondoshea maji ya tangi polepole kwa muda wa dakika 45 hadi saa moja. Maji ya mfuko yamwagwe nje. Zima taa mpaka kesho yake. Kama kuna mwenyeji anayemwandama mgeni, badilisha mpangilio wa mawe kidogo ili kila mtu aanze upya kutafuta kona. Ikishindikana, mfungie yule mbabe, siyo mgeni, kwenye kikapu cha wavu ndani ya tangi kwa siku nne au tano. Akitoka anakuta mgeni ameshapata makazi.

Joto na chumvi navyo vinagusa tabia. Maji yakipita nyuzi joto 29 oksijeni inashuka, samaki wanahema juu juu na matumbawe yanaanza kupauka, kama yalivyopauka ya bahari yetu mwaka 1998 joto lilipopanda. Lenga 25 mpaka 27, na Dar bila feni ya kupuliza uso wa maji hutafika. Feni nayo inakausha maji. Tangi likipoteza lita 2 kwa siku na usiongeze kwa siku tatu, chumvi ya gramu 35 kwa lita inapanda mpaka 38. Ongezea maji baridi safi, siyo ya chumvi. Chumvi haijakauka, imebaki humo humo.

Mnakowatoa

Kama unawapata kwa wavuvi wa hapa, pitia kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya yako uulize kuhusu vibali vya kukamata na kuuza samaki wa mapambo. Usiokote chochote kwenye maeneo tengefu kama Bongoyo na Mbudya, wala usibebe jiwe au tumbawe hai kwa sababu tu umeliona limetulia. Kwa samaki wa kigeni kama Nemo wa Indonesia kuna jambo moja ambalo silegezi: mteja akichoka, asimwachie baharini. Yule samaki simba mwenye miiba ni wa bahari zetu, Hindi na Pasifiki. Aliachiwa kutoka kwenye matangi huko Florida, alionekana mara ya kwanza miaka ya 1980, na leo amesambaa Karibiani nzima akimaliza samaki wadogo wa miamba. Weka kwenye mkataba kwamba samaki wote wasiotakiwa wanarudi kwako.

Siku ya kukabidhi tangi, mtafute mtu wa mapokezi kwa jina, siyo bosi. Yeye ndiye atakayelisha, na kwa huruma yake atamimina kopo zima kila mara samaki akimwangalia. Kwa hiyo kopo ondoka nalo. Mwachie vipakti vidogo ulivyopima mwenyewe, kimoja cha siku moja, vimeandikwa Jumatatu mpaka Jumapili. Mwonyeshe gobi alipo, mwambie yule wa njano anatakiwa apate punje zake kabla ya wengine, na mpe namba yako ya simu. Ukirudi wiki inayofuata hesabu vipakti kabla hujahesabu samaki.